Fundo: Asili ya Neno la Mwendo wa Baharini

Kila taifa lililopata kulima, kuuza na kusafiri limelazimika kupima, na vipimo vya kwanza vya binadamu vilikuwa mwilini mwake mwenyewe. Wahenga wetu walipima nguo kwa shubiri na dhiraa, wakapima kina cha maji kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa, na nafaka wakaipima kwa kibaba na pishi. Vitu hivyo vyote vina umbo: nguo hutandazwa, maji huteremshiwa kamba, mchele humiminwa. Mwendo hauna umbo. Hauonekani kwa jicho wala haushikiki kwa mkono. Mtu aliye juu ya chombo katikati ya bahari, asiyeona ufuko wala mnazi, atajuaje kwamba chombo chake kinakwenda kwa kasi gani?

Swali hilo halikuwa la udadisi tu. Nahodha asiyejua mwendo wa chombo chake hajui umbali aliokwisha kwenda. Na asiyejua umbali hajui mwamba uko wapi, wala usiku wa kuteremsha tanga ni upi. Maisha ya watu na mali zao yalitegemea jawabu. Katika makala haya tutalitazama neno moja la Kiingereza lililozaliwa na swali hilo, neno ambalo mwanafunzi hukutana nalo katika vitabu vya jiografia na katika taarifa za hali ya hewa: neno ‘knot’, ambalo maana yake ni fundo.

Kwanza tueleze maana yake ya leo. Chombo kinachokwenda fundo moja ni chombo kinachokwenda maili moja ya baharini katika muda wa saa moja. Maili ya baharini si maili ya barabarani. Maili ya barabarani ni mita 1,609 hivi, na ya baharini ni mita 1,852. Ya barabarani ilitokana na hatua za askari wa Kirumi, kwani neno ‘maili’ lenyewe latoka katika Kilatini na asili yake ni ‘hatua elfu’. Ya baharini ilitokana na umbo la dunia. Mzunguko wa dunia hugawanywa nyuzi 360, na kila uzi hugawanywa dakika 60. Umbali wa dakika moja ya latitudo juu ya uso wa dunia ndio maili moja ya baharini. Kwa hiyo duara zima la dunia lina maili za baharini 21,600. Baharia aliyekwenda maili 60 moja kwa moja kuelekea kaskazini amesogea uzi mmoja katika ramani, na hahitaji hesabu nyingine.

Hapa inafaa kutaja kosa ambalo husikika mara nyingi, hata katika vinywa vya wasomi. Husemwa kwamba meli fulani ‘ilikwenda mafundo 15 kwa saa’. Maneno ‘kwa saa’ yamezidi hapo, kwa sababu saa imekwisha kuwamo ndani ya fundo. Meli huenda mafundo 15, basi. Sababu ya jambo hili itadhihirika tutakapoona fundo lenyewe lilikuwa kitu gani.

Kwa asili ya lugha, neno hili ni la kale sana miongoni mwa Waingereza. Katika Kiingereza cha zamani liliandikwa ‘cnotta’, na sauti ya kwanza, ambayo leo huandikwa kwa herufi k na haitamkwi, hapo kale ilitamkwa. Mwalimu anayeulizwa na wanafunzi wake kwa nini Waingereza huandika herufi wasiyoitamka anaweza kuwajibu kwamba maandishi yamehifadhi kile ambacho ulimi umekwisha kukisahau. Neno hili ni ndugu wa kitenzi chao cha kufuma sweta, maana kufuma nako ni kufunga mafundo. Kwa karne nyingi, basi, neno hilo halikuwa na uhusiano wowote na mwendo. Lilikuwa jina la fundo la kamba, sawasawa na fundo analofunga mvuvi wetu katika wavu wake. Mwendo uliliingia neno hilo kwa kazi ya mikono ya mabaharia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Hapo mwanzo baharia wa Ulaya alitupa kipande cha mti majini kutoka omo, yaani mbele ya merikebu, akahesabu muda uliopita hata kipande kile kikafika usawa wa tezi, yaani nyuma. Akijua urefu wa merikebu na muda uliopita, aliweza kukisia mwendo. Njia hiyo ilikuwa na dosari: merikebu ni fupi, muda ni mdogo, na kosa dogo la kuhesabu lilizaa kosa kubwa la safari. Ndipo ilipopatikana njia bora zaidi, nayo ni kukifunga kile kipande cha mti kwa kamba ndefu, kukiacha nyuma majini, na kupima urefu wa kamba iliyotoka. Njia hiyo ilielezwa katika kitabu cha ubaharia kilichotolewa mwaka 1574 na Mwingereza William Bourne wa mji wa Gravesend, ulioko kando ya mto Thames. Bourne hakuwa mtu wa ukoo mkubwa. Alikuwa mwenye nyumba ya wageni na mpiga mizinga, aliyejifunza hesabu na kuwaandikia mabaharia wa kawaida.

Kifaa hicho Waingereza walikiita ‘log’, yaani gogo, kwa sababu ya kile kipande cha mti. Sisi tunalo jina letu, nalo ni batli. Makamusi ya Kiswahili yamelihifadhi neno hilo kwa maana ya kifaa cha kupimia mwendo wa chombo baharini. Kwa kuwa neno lipo, na tulitumie.

Batli iliyokamilika ilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni kibao chembamba chenye umbo la robo ya duara, kilichotiwa risasi katika ukingo wake wa mviringo ili kisimame wima majini na kushikwa na maji badala ya kuvutwa na merikebu. Ya pili ni kamba ndefu iliyozungushwa katika kigurudumu. Ya tatu ni shisha ya mchanga, yaani chupa mbili za kioo zilizounganishwa shingoni, ambamo mchanga hushuka kutoka ya juu kwenda ya chini kwa muda unaojulikana. Aghalabu muda huo ulikuwa sekunde 28 au 30.

Kazi ilihitaji watu watatu. Mmoja alikiinua kigurudumu juu kwa mikono miwili, wa pili aliishika shisha, na wa tatu alikitupa kibao majini kutoka tezi. Kamba iliachwa itoke kwanza bila kuhesabiwa, mpaka kibao kilipokwisha kuyapita maji yaliyovurugwa na merikebu. Mwanzo wa hesabu ulitiwa alama ya kitambaa. Kitambaa kilipopita mkononi, mtupaji alitoa amri, na mwenye shisha akaipindua. Kamba ikaendelea kutoka, mchanga ukaendelea kushuka. Punje ya mwisho ilipoanguka, mwenye shisha alipaza sauti, na kamba ikakamatwa papo hapo.

Katika kamba hiyo mlikuwa na alama zilizopangwa kwa umbali ulio sawa, na alama hizo zilikuwa mafundo. Ya kwanza fundo moja, ya pili mafundo mawili, ya tatu matatu, ili mkono uweze kuyasoma hata katika usiku wa giza na mvua, pasipo taa. Yakiwa yametoka mafundo matano, merikebu ilikuwa inakwenda mafundo matano. Merikebu iliyokwenda kasi sana ilipimwa kwa shisha ya nusu muda, na hesabu ikazidishwa mara mbili. Basi kipimo hiki hakikuwa mfano wala tamathali ya usemi. Baharia aliyesema ‘mafundo matano’ alikuwa ameyashika mafundo hayo mkononi mwake.

Mwanafunzi apendaye hesabu na aichunguze busara iliyomo. Saa moja ina sekunde 3,600. Tukizigawa kwa sekunde 28 za shisha, twapata kwamba shisha huisha mara 128 na kitu ndani ya saa moja. Tukiigawa maili ya baharini, yaani mita 1,852, kwa hesabu hiyo hiyo, twapata mita 14.4, ambazo ni futi 47 na inchi 3. Huo ndio umbali uliotakiwa kati ya fundo na fundo. Maili ilifupishwa ikaingia katika kamba, na saa ilifupishwa ikaingia katika shisha, kwa kiasi kimoja. Ndiyo maana tukasema kwamba saa imo ndani ya fundo.

Hata hivyo, hesabu hii isingeweza kuwa sahihi mpaka ijulikane dunia ni kubwa kiasi gani. Mabaharia wa zamani wa Uingereza waliamini kwamba maili ina futi 5,000, nao walifunga mafundo yao kila baada ya futi 42, ambazo ni pima 7, kwa shisha ya sekunde 30. Mtu aliyeliona kosa hilo alikuwa mwalimu wa hesabu aitwaye Richard Norwood. Kati ya mwaka 1633 na 1635 alipima umbali wa kutoka London hadi York, kwa mnyororo katika sehemu nyingi na kwa hatua zake katika sehemu nyingine, akapima na urefu wa jua katika miji hiyo miwili. Mwaka 1637 alitangaza matokeo yake: uzi mmoja wa latitudo una futi 367,196, na kwa hiyo maili ya baharini ina futi 6,120 hivi. Vipimo vya siku zetu vimeonyesha kwamba ni futi 6,076. Mwalimu yule, kwa mnyororo na miguu yake, alikosea kwa sehemu iliyo pungufu ya moja katika mia.

Je, mabaharia waliibadilisha kamba yao mara moja? Hapana. Wengi waliendelea na pima 7 za babu zao kwa miaka mingi. Walikuwa na hoja: kamba yenye mafundo ya karibu karibu huonyesha mwendo mkubwa kuliko ulivyo, na hivyo humfanya nahodha adhani amekwisha kuikaribia nchi kavu kabla hajaikaribia. Walisema ni heri kuitazamia miamba mapema kuliko kuigonga kwa ghafla. Hoja hiyo ina hekima yake, lakini ni hekima ya kuliishi kosa badala ya kulisahihisha. Bahari haikuwasamehe waliokosea. Tarehe 22 Oktoba 1707, kwa kalenda ya Waingereza ya wakati huo, merikebu nne za kivita zilizokuwa chini ya amiri Cloudesley Shovell ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly, watu zaidi ya 1,400 wakafa, naye amiri miongoni mwao. Batli haikuwa sababu pekee. Vipimo vya latitudo na vya dira navyo vilikuwa na upungufu. Lakini msiba ule uliwafundisha watu wa nchi ile kwamba kutojua mahali ulipo ni adui mkubwa kuliko mizinga.

Sasa tugeukie bahari yetu wenyewe. Isidhaniwe kwamba wakati Waingereza wakihangaika na kamba zao, watu wa Bahari ya Hindi walisafiri kwa kubahatisha. Vyombo vilikuja pwani ya Afrika Mashariki kwa kaskazi na kuondoka kwa kusi karne nyingi kabla ya Bourne kuandika kitabu chake. Rubani mashuhuri Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, aliandika mnamo mwaka 1490 kitabu kikubwa cha elimu ya bahari, na katika tungo zake nyingine alieleza njia za pwani yetu hadi Sofala. Marubani hao walikuwa na vipimo viwili. Cha kwanza ni kidole, kwa Kiarabu ‘isba’, nacho kilipima urefu wa nyota juu ya upeo wa bahari. Cha pili ni ‘zam’, nacho kilikuwa mwendo wa chombo katika muda wa saa tatu. Usiku na mchana vilikuwa na zam nane.

Vipimo hivyo viliunganishwa kwa kanuni moja. Chombo kikielekea moja kwa moja kwenye Nyota ya Kaskazini, na nyota hiyo ikapanda kwa kidole kimoja, zimekwisha zam nane. Marubani wa shule ya Ibn Majid walihesabu vidole 224 katika duara zima. Basi na tugawe maili 21,600 za mzunguko wa dunia kwa vidole 224: kidole kimoja ni maili 96 na kitu. Tuzigawe maili hizo kwa saa 24, na jawabu ni mafundo manne. Kanuni ya zam, kwa hiyo, ilikuwa imebeba ndani yake mwendo wa kawaida wa jahazi, ijapokuwa hakuna kamba iliyotupwa majini. Mwingereza aliutafuta mwendo ili apate umbali. Rubani wa Bahari ya Hindi alitoka katika muda na nyota, akaupata umbali huo huo.

Na fundo nalo halikukosekana. Marubani wa bahari yetu walitumia kifaa kiitwacho kamali, nacho ni kibao kidogo cha mti chenye uzi uliopitishwa katikati. Rubani aliushika uzi kwa meno, akakinyosha kibao mbele ya jicho mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na ule wa juu uguse nyota. Katika uzi huo mlikuwa na mafundo, na fundo lilikuwa alama ya bandari: nyota ikienea kibao katika fundo fulani, rubani hujua kwamba amefika usawa wa bandari fulani. Huku kusini kwa ikweta, ambako Nyota ya Kaskazini haionekani, walitumia nyota nyingine zilizo jirani nayo. Basi mataifa mawili yaliyo mbalimbali yalifunga mafundo kwa ajili ya bahari. Moja liliyafunga ili kujua kasi, la pili likayafunga ili kujua mahali.

Ni nini kilichobaki kwetu? Limebaki neno ambalo twalitamka kila siku bila kulikumbuka bahari yake. Tunaposema kwamba mlinzi yumo zamuni, au kwamba leo ni zamu ya wanafunzi wa kidato cha pili kufagia uwanja, twalitumia neno lile lile la zam, lililokuwa kipindi cha ulinzi na cha mwendo chomboni. Vivyo hivyo neno ‘rubani’: lilikuwa la mwongozaji wa chombo baharini, leo limepanda angani pamoja na ndege. Waingereza nao wameona hayo katika lugha yao. Daftari la kumbukumbu za safari lilipewa jina la lile gogo la kupimia mwendo, kwa kuwa matokeo ya batli ndiyo yaliyoandikwa humo. Na mtu anayejiandikisha leo ili aingie katika kompyuta hutumia neno la Kiingereza lenye gogo hilo hilo ndani yake, pasipo yeye kujua.

Batli ya kamba imekwisha kustaafu. Mwaka 1802 Edward Massey wa Uingereza alipewa hataza ya batli yenye parafujo inayozunguka majini na kuhesabu maili yenyewe, na leo vyombo vingi huupata mwendo wao kwa setelaiti. Mwaka 1929 mkutano wa kimataifa wa wapimaji wa bahari uliofanyika Monaco uliafiki maili ya mita 1,852; Waingereza wenyewe waliendelea na futi zao 6,080 mpaka mwaka 1970. Kamba imekwenda, shisha imekwenda, lakini fundo limebaki, na marubani wa ndege nao wanalitumia.

Nimelieleza neno hili kwa kirefu kwa sababu ya kazi iliyo mbele ya kila mwalimu wa Kiswahili, nayo ni kazi ya kuipa elimu maneno. Tukilichukua neno la Kiingereza kwa sauti yake tu, tutapata ‘noti’, na mwanafunzi atafikiri habari za fedha. Mataifa mengine hayakufanya hivyo. Mfaransa, Mjerumani, Mhispania, Mreno na Mwarabu, kila mmoja ametumia neno la lugha yake mwenyewe lenye maana ya fundo la kamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kamba na alijua kufunga. Sisi tunazo kamba, tunao wavuvi na manahodha, na tunalo neno fundo. Tunazo pia batli, pima na zamu, ambazo hatukuziazima jana.

Lakini neno peke yake halitoshi. Mwanafunzi akiambiwa tu kwamba fundo ni maili moja ya baharini kwa saa, atalikariri mpaka siku ya mtihani kisha atalisahau. Mwalimu na achukue kamba, apime mita 14.4, afunge fundo. Apime tena, afunge mawili. Ampe mwanafunzi mmoja ncha ya kamba atembee nayo uwanjani, wa pili aihesabie saa sekunde 28, na wa tatu aishike kamba inavyompita mkononi. Hapo watajua kwamba mwendo wa mwanadamu atembeaye kwa miguu ni mafundo mawili au matatu, na watajua kwa nini.